Jinsi ya Kuusoma Msitu wa Kando ya Mto Jijini Nairobi

Mtu anayeingia Msitu wa Karura kwa lango la Barabara ya Limuru na kuteremka kuelekea maporomoko ya maji hupita misitu iliyo tofauti kabisa, ingawa ramani huiita kwa jina moja. Kwanza hukutana na mikaratusi iliyopandwa, mirefu na minyoofu, ambayo mashina yake yanakaribiana kwa unene kwa sababu ilipandwa wakati mmoja. Kisha njia humwingiza katika msitu wa asili wa nyanda za juu zenye ukavu kiasi, wenye muhugu, mutamaiyu na mukinduri. Ardhi inapoanza kuinama na hewa kuwa na unyevu, miti hubadilika tena: mikuyu na mizambarau-mwitu huinamia maji, mizizi yake ikiwa imeshika mawe, na chini yake hukua vichaka ambavyo huko juu kwenye mgongo wa bonde visingepata unyevu wa kutosha.

Swali ambalo wengi huuliza wakiwa pale ni aina ngapi za miti zilizopo. Ni swali zuri, lakini likijibiwa peke yake hupotosha, na hupotosha zaidi katika misitu ya kando ya mito iliyozungukwa na jiji. Ili kuujua msitu wa namna hiyo ni lazima kutenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni uanuwai, yaani idadi ya spishi na jinsi zinavyogawana nafasi. La pili ni muundo, yaani unene, kimo na mpangilio wa miti hiyo, kuanzia mche ulioota juzi hadi mti mkongwe uliobeba mwavuli wa msitu. Uanuwai hueleza nani wapo leo, ilhali muundo hueleza nani watakuwapo wakongwe watakapoanguka. Mimi naamini kwamba, kwa misitu ya mito ya mjini, swali la pili ndilo lenye uzito zaidi, na ndilo linalosahaulika.

Nairobi ni mahali pazuri pa kujifunzia jambo hili kwa sababu jiji lenyewe limezaliwa na maji. Jina lake linatokana na maneno ya Kimaasai yanayotaja maji baridi, na kambi ya reli iliyowekwa hapa mwaka 1899 ilikuwa karibu na mto. Mito ya Nairobi, Ngong, Mathare, Gitathuru, Karura na Ruaka hushuka kutoka magharibi na kaskazini-magharibi kuelekea mashariki, kisha maji yake huingia Mto Athi, ambao huitwa Galana na hatimaye Sabaki kabla ya kumwaga katika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Katika makala haya nitataja miti kadhaa kwa majina ya Kikuyu, kwa kuwa ndiyo yanayotumiwa na walinzi wa misitu na wenye vitalu vya miche jijini.

Tuanze na uanuwai. Tuseme tumepima vipande viwili vya msitu kando ya mto, na katika kila kipande tumekuta miti 100 ya spishi 10. Kwenye orodha, vipande hivyo ni sawa. Lakini katika kipande cha kwanza kila spishi ina miti 10, na katika cha pili spishi moja ina miti 91 huku zile nyingine tisa zikiwa na mti mmojammoja. Yeyote atakayesimama ndani ya kipande cha pili ataona kwamba huo ni msitu wa mti wa aina moja wenye wageni wachache. Ndiyo maana wanaikolojia hawaishii kwenye hesabu ya majina. Kipimo wanachokitumia sana ni cha Claude Shannon, mwanahisabati wa Marekani, ambaye mwaka 1948 alikuwa akishughulikia upelekaji wa ujumbe wala si miti. Huchukuliwa sehemu ya kila spishi katika jumla, ikazidishwa kwa logi asilia yake, majibu yote yakajumlishwa na alama ya kutoa ikaondolewa. Kipande chetu cha kwanza hupata takriban 2.30, na cha pili takriban 0.50. Tukirudisha namba hizo katika lugha ya spishi, kipande cha kwanza kina uanuwai wa spishi 10 zilizogawana nafasi sawasawa, na cha pili kina uanuwai usiofika hata wa spishi mbili.

Hata hivyo, kipimo hicho nacho hakijui mti umetoka wapi wala kama unazaa. Nairobi Arboretum, bustani ya miti ambayo Mto Kirichwa Kubwa hupita kando yake, ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ya kigeni inayokua haraka, kwa kuwa injini za reli zilikuwa zikitumia kuni na misitu ya asili ilikuwa ikikatwa upesi. Leo, katika hekta zipatazo 30, kuna spishi zaidi ya 300 kutoka mabara mbalimbali. Kwa uanuwai, ni vipande vichache sana vya msitu wa asili nchini vinavyoweza kushindana nayo. Lakini ile ni hazina iliyokusanywa kwa mkono, na sehemu kubwa ya miti yake ilipandwa, ikapewa kibao na kutunzwa. Ninaipenda Arboretum na ninaiona kuwa na thamani kubwa kwa wanafunzi na kwa wakazi wa jiji. Ninaitaja kwa sababu inathibitisha kwamba orodha ndefu ya spishi inaweza kuwapo bila msitu unaojirithisha wenyewe. Bustani za nyumba zilizo kando ya mito katika mitaa yenye nafasi, zenye mijakaranda, migrivilea na michikichi ya mapambo, huwa na hali hiyohiyo kwa kiwango kidogo.

Sasa tuje kwenye muundo, ambao hupimwa kwa vifaa vya kawaida sana. Mpimaji hufunga futikamba kuzunguka shina kwenye kimo cha kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini, na kusoma mzingo. Mzingo ukigawanywa kwa 3.14 hutoa kipenyo: mti wenye mzingo wa sentimita 157 una kipenyo cha sentimita 50. Mkuyu wenye mizizi iliyotanuka kama ngao hupimwa juu ya mizizi hiyo, na mti ulioota mteremkoni hupimwa ukiwa umesimama upande wa juu. Kazi hii inaonekana rahisi mpaka ufike ukingoni mwa mto, ambako shina limelala juu ya maji na huna pa kuweka mguu. Hapo ndipo wapimaji wengi hushawishika kuuruka mti, na hivyo miti ya ukingoni kabisa, ambayo ndiyo kiini cha msitu huo, hupungua kwenye daftari bila kupungua msituni.

Kutokana na kipenyo hupatikana eneo la shina, yaani ukubwa wa duara ambalo lingeonekana kama mti ungekatwa pale ulipopimwa. Hesabu yake inashangaza kidogo. Mti wenye kipenyo cha mita moja una eneo la shina sawa na la miti 100 yenye kipenyo cha sentimita 10, kwa kuwa kipenyo kikiongezeka mara kumi eneo huongezeka mara mia. Kwa hiyo mkuyu mmoja mkongwe ukikatwa ili kupisha ukuta, na badala yake ikapandwa miche 100 iliyo nyembamba kama kidole, idadi ya miti kwenye hekta hiyo imepanda huku msitu wenyewe ukiwa umeshuka. Kivuli kilichokuwa kikipoza maji kimetoweka, na pamoja nacho matawi waliyokuwa wakilala ndege na mizizi iliyoshika ukingo, na miche ile itahitaji miongo kadhaa kuvirudisha, kama itaishi.

Kinachonivutia zaidi ni mgawanyo wa vipenyo. Mpimaji hupanga miti yote katika madaraja: chini ya sentimita 10, kati ya 10 na 20, kati ya 20 na 30, na kuendelea. Katika msitu wa asili unaojirithisha, madaraja ya chini huwa na miti mingi mno, na idadi hupungua kadiri unene unavyoongezeka. Mchoro wake hufanana na herufi J iliyogeuzwa. Mtaalamu wa misitu wa Ufaransa, François de Liocourt, aliueleza mpangilio huu mwaka 1898, na hadi leo ndio kioo cha kwanza ambacho mtafiti hukitazama.

Mchoro ukikosa umbo hilo, huwa unasimulia habari. Miti ikiwa imejazana katika daraja moja la katikati, mara nyingi ni shamba la miti lililopandwa mwaka mmoja, kama yale ya mikaratusi. Wakongwe wakiwapo bila vijana kabisa, fikiria mahali panapofyekwa: bustani ambayo nyasi zake hukatwa kila wiki, ambako kila mche unaoota huondoka pamoja na nyasi kabla haujafika gotini. Mahali kama hapo panapendeza machoni, na mtu anaweza kupumzika chini ya miti yake kwa miaka 40 bila kujua kwamba msitu ulishakoma kuzaa. Hali ya tatu ndiyo ya kawaida zaidi karibu na makazi yenye msongamano: miche ipo, wakongwe wapo, lakini daraja la sentimita 5 hadi 15 ni tupu. Huo ndio unene wa fito na nguzo za kujengea. Miti ya kujengea ukuta wa mabati au kibanda cha kuuzia mboga ilitoka mahali fulani, na mara nyingi ilitoka ukingoni mwa mto, kwa watu ambao hawakuwa na njia nyingine ya bei nafuu. Kwenye mchoro, pengo hilo huendelea kuonekana kwa miaka mingi, likisogea polepole kuelekea madaraja ya juu kadiri miti iliyosalia inavyonenepa.

Hapa lazima niongeze tahadhari ambayo hata wanaofanya kazi hii wakati mwingine huisahau. Umbo la J iliyogeuzwa ni la msitu mzima, si la kila spishi. Mukinduri na mkuyu hupenda mwanga, na miche yao haistawi chini ya kivuli kizito. Ukikuta mikuyu mikubwa bila midogo ndani ya msitu uliofunga, si lazima iwe ni msiba, kwa kuwa mikuyu midogo inaweza kuwa inasubiri mahali palipo wazi. Mutamaiyu kwa upande wake hukua taratibu sana, na shina jembamba linaweza kuwa la miaka mingi. Kwa hiyo mchoro husomwa mara mbili, kwanza wa msitu wote, kisha wa kila spishi kuu kwa kuzingatia tabia yake.

Mto wenyewe nao unaongeza ugumu. Msitu wa kando ya mto hupangika kwa kufuata umbali kutoka kwenye maji. Ukingoni hukaa spishi zinazovumilia mizizi kulowa na kufunikwa na mafuriko, kama mizambarau-mwitu na mikuyu. Juu kidogo, kwenye udongo mzito unaobaki na unyevu, huja miti kama muiri na mukurwe. Ukipanda mteremko hadi mgongoni, unyevu hupungua na muhugu hutawala, mti wenye mbao ngumu ambao wachongaji wa Ukambani wameutumia kwa miaka mingi kiasi cha kuufanya adimu katika misitu mingi. Mabadiliko haya yote yanaweza kutokea ndani ya mwendo wa dakika tano. Kwa sababu hiyo vipande vya kupimia, ambavyo mara nyingi ni vya mita 20 kwa 20, hupangwa kwa mstari unaotoka majini kwenda juu. Akipanga vipande vyake vyote sambamba na mto, mpimaji atakuwa amesoma ukurasa mmoja tu wa kitabu.

Jiji huingia katika habari hii kwa njia kuu mbili, na ya kwanza ni umbo la eneo. Kanuni za ubora wa maji za Kenya za mwaka 2006 zilikataza kulima au kujenga ndani ya ukanda usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30 kila upande wa mto, kwa kuzingatia kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichorekodiwa. Tuchukue hali bora kabisa, mita 30 kila upande kwa urefu wa kilomita moja. Hizo ni hekta 6. Lakini mwanga mkali, upepo mkavu na mimea vamizi kama lantana hupenya kutoka pembezoni. Ikiwa athari hizo zinaingia mita 30 tu, basi hakuna hatua hata moja ya ukanda huo iliyo ndani ya msitu wa kweli, kwani wote ni pembezoni. Hekta 6 hizohizo zingekuwa za mraba, wenye upande wa mita zipatazo 245, zingebaki na hekta zaidi ya 3 za kiini kisichoguswa. Tofauti haiko katika ukubwa, iko katika umbo.

Ndiyo maana Karura, yenye zaidi ya hekta 1,000, haiwezi kulinganishwa na ukanda wa miti ulio nyuma ya majumba. Mwishoni mwa miaka ya 1990 sehemu za msitu huo zilikuwa zimegawiwa wajenzi binafsi, na Januari 1999 Profesa Wangari Maathai alijeruhiwa kichwani alipokwenda na wenzake kupanda miche kupinga ugawaji huo. Kama mpango ule ungetimia, huenda kingo za mito zingeachwa na miti kidogo kwa ajili ya sheria na mandhari. Lakini mfululizo ule kutoka majini hadi mgongoni, kutoka mkuyu hadi muhugu, ungekatwa katikati, na orodha ya spishi za ukingoni isingeonyesha hasara hiyo.

Njia ya pili ni maji. Mvua ikinyesha kwenye paa, lami na saruji, haizami ardhini. Hukimbilia mtoni kwa pamoja, mto hufura kwa saa chache, kisha hupungua haraka. Mikondo hiyo yenye nguvu huchimba kitanda cha mto, na kitanda kikishuka, maji ya chini ya ardhi kwenye kingo nayo hushuka. Matokeo yake ni kinyume cha mtu anavyotarajia: mti ulio hatua tatu kutoka mtoni unaweza kuwa na kiu, kwa kuwa mizizi yake imebaki juu ya maji yaliyokuwa yakiufikia. Taratibu spishi za ukingoni huondoka na zile zinazovumilia ukavu, au mimea ya kigeni, huchukua nafasi. Maji taka huongeza rutuba inayonufaisha mimea iendayo kasi, na ndiyo sababu kingo nyingi za Mto Nairobi zimejaa mbarika na nyasi ndefu mahali pa miti. Mahali pengine kingo zimelimwa nduma, sukuma wiki na nyasi za nepia, mazao yanayolisha familia lakini hayaachi mche wa mti ukue.

Lakini si kila uchache wa spishi ni ugonjwa. Mto Msimbazi wa Dar es Salaam huanzia kwenye vilima vya Pugu, na unapofika baharini hupita kwenye mikoko. Chumvi na matope ya mdomo wa mto huchuja miti, kiasi kwamba hata mikoko iliyo na afya njema huwa na spishi chache tu, mchu ukiwa mmojawapo. Kulinganisha kipimo cha Shannon cha mikoko na cha msitu wa vilimani, kisha kusema mmoja ni duni, ni kosa. Msitu hulinganishwa na ule ambao ungekuwapo mahali palepale bila jiji.

Haya yote yana uzito sasa kwa sababu upandaji miti umeshika kasi. Mwaka 2022 serikali ya Kenya ilitangaza lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na Novemba 13, 2023 ilikuwa siku ya mapumziko ya kupanda miti. Ninaunga mkono juhudi hizo kwa moyo wote. Kando ya mito, hata hivyo, ningeomba takwimu zinazotolewa zisiwe za miche iliyochimbiwa mashimo peke yake. Nazitaka zile za spishi zilizopandwa na umbali wake kutoka majini, za miche iliyofika kimo cha kifua baada ya miaka mitano, na za miche iliyoota yenyewe katikati ya ile iliyopandwa. Ile iliyoota yenyewe ndiyo ushahidi kwamba hondohondo, popo na kima wanaleta mbegu, na kwamba nyigu wadogo wanaochavusha mikuyu bado wanaipata. Marehemu John Michuki, alipokuwa waziri wa mazingira, aliagiza mwaka 2009 mikaratusi iliyo kando ya mito ing'olewe. Kuondoa mti usiofaa ni nusu ya kazi, kwani nafasi iliyoachwa wazi hujazwa na lantana kwa msimu mmoja ikiwa hakuna mbegu za asili zilizo karibu.

Mwaka mmoja baada ya mafuriko makubwa ya Aprili na Mei 2024, nilishuka hadi kwenye kona moja ya mto ambako maji yalikuwa yameacha rundo la mchanga mpya, wazi kabisa kwa jua. Kati ya chupa za plastiki na matambara yaliyonasa kwenye mizizi, nilikuta miche ya mkuyu, majani yake ya kukwaruza kama msasa mlaini, mirefu isiyozidi kiganja. Haikuwa imefika kimo cha kifua, kwa hiyo katika jedwali la vipenyo isingeonekana. Huandikwa kwenye safu yake yenyewe, safu ya miche, na hiyo ndiyo nitakayoitazama kwanza nikirudi pale na futikamba.